Nilitafuta agronomi kwa cheo, nikamkosa

Wandugu, mwaka jana nilipewa kazi ambayo sikuisomea. Koperative moja ya wakulima upande wa Kabare na Walungu iliniambia: "Ingénieur, tutafutie mamonitere watatu wa migomba, wewe njo unajua intaneti." Kule migomba inaangushwa na mnyauko, ule tuliosoma kama wilt bactérien. Walitaka watu wenye kujua kuvunja ua dume kwa kijiti cha panda, bila kisu, na kupitisha panga ku moto kabla ya kugusa mgomba mwingine. Pesa ya tangazo haikuwako. Nilikuwa na simu na mega za wiki moja, basi.

Nikaanza kama kila mtu: nikaandika ingénieur agronome Bukavu ndani ya LinkedIn. Walitoka wengi: mashefu wa projet, makonsilta, wengine wako Kinshasa siku nyingi. Hakuna hata mmoja aliyetaja mgomba. Kosa lilikuwa langu. Cheo ni neno ambalo kila mtu analipenda, hata aliyeacha shamba zamani. Na yule anayefanya kazi yenyewe, karatasi yake inaweza kusema "animateur", "vulgarisateur", "encadreur", ao "Ir" tu mbele ya jina.

Nikafunga simu, nikachukua kaye. Nikajiuliza: mtu aliyefanya kazi hii kweli, maneno gani hawezi kuyakwepa akiielezea? Nikaandika jina la ugonjwa, namna zote mbili za Kifaransa. Champ école paysan na kifupi chake CEP. Majina ya grupma na soko. Mwisho nikaongeza lugha, juu monitere asiyesikia Mashi atafanya nini na wamama wa Walungu?

Kisha nikayaunganisha. Ku Google, maneno ukiyafungia ndani ya alama za kunukuu, inayatafuta pamoja vile ulivyoyaandika. OR, kwa herufi kubwa, inamaanisha hili ao lile. Alama ya kutoa iliyobanana na neno inafukuza neno hilo. Na filetype:pdf inaleta faili za PDF tu, ambamo masivi, maraporti na mamemwari vinalala. Mfano:

"wilt bactérien" OR "flétrissement bactérien" Kabare filetype:pdf -"offre d'emploi"

Ile sehemu ya mwisho niliiweka nilipochoka kuletewa matangazo ya kazi wakati natafuta watu. Nilijaribu pia site:linkedin.com/in "champ école paysan" Bukavu, ambayo inatafuta kurasa za watu za LinkedIn tu. Ile iliyonifurahisha zaidi ni ya lugha. Sivi za kwetu karibu zote zinaandika lugha kwa mstari mmoja, sasa nikafungia "swahili, mashi" ndani ya alama, nikageuza tena "mashi, swahili". Zikatoka sivi ambazo neno agronome halikuwamo hata kidogo.

Lakini hazina kubwa niliikuta pahali ambapo sisi wote tunaruka tukisoma memwari: ukurasa wa shukrani. Mwanafunzi aliyefanya utafiti wake kijijini anamshukuru profesa, baba na mama, kisha chini kabisa wale waliomsindikiza shambani na kujaza fishi za maswali. Wale njo nilikuwa natafuta. Hapa nilienda polepole, juu mtu hakushukuriwa ili mgeni amsumbue. Nilimtafuta kwanza mwenye memwari, yeye njo alimuuliza kama napata ruhusa ya kumpigia.

Jina moja kati ya hayo lilinishtua. Ni wa promosio yetu, tumekaa ku benchi moja. Miaka miwili anatafuta kazi. Sivi yake nilikuwa nayo tayari ndani ya WhatsApp, na hakuna utafutaji wangu wowote uliyomfikia. Nikaifungua: "dynamique, rigoureux, capable de travailler sous pression." Chini: "expérience: stage". Basi. Miezi minne alipita nyumba kwa nyumba, akihesabu migomba yenye kuoza, na hakuandika mgomba, wala Walungu, wala Mashi ambayo ni lugha ya mama yake. Nilipomuuliza akanijibu: "Ndugu, niliona ile si kazi, ni kusaidia mtu."

Alipita mtihani wa koperative kwa shamba, si kwa urafiki. Mimi sikukaa ndani ya juri. Wa pili tulimpata kwa "swahili, mashi". Wa tatu intaneti haikumjua kabisa: mama mmoja wa Kabare aliyetajwa na wakulima wenyewe. Bila kuuliza kijijini tungemkosa.

Usiku ule nilijitafuta mimi mwenyewe, kwa maneno yaleyale ya kaye. Sikutokea. Sivi yangu ilianza na "dynamique".