Tusilikate behewa kabla ya kulisoma

Kosa nililolifanya mbele ya wanafunzi wangu wa kidato cha pili lingali linanitia haya, nami naliandika hapa ili walimu wenzangu wapate kulikwepa.

Nilikuwa nimewapeleka kwenye kituo kimoja kidogo katika njia ya reli itokayo Konza kwenda Magadi. Kando ya kituo, katikati ya nyasi ndefu, palikuwa na behewa kuukuu la mizigo lisilo na paa. Pembeni mwa sakafu yake mlikuwa na unga mweupe. Bila kusita nikasema: "Hili, wanangu, ndilo lililobeba magadi tangu zama za wakoloni." Wakaandika. Msichana mmoja akainua mkono: "Mwalimu, umejuaje?" Nikamwonyesha ule unga.

Mzee mmoja aliyepata kuwa fundi wa reli alikuwa ameketi kivulini akitusikiliza. "Mwalimu," akaniambia kwa upole, "mama akitia magadi katika maharagwe, magadi yale huenda wapi?"

"Huyeyuka, mzee."

"Basi behewa hili limenyeshewa mvua za miaka mingapi?"

Sikuwa na jibu. Unga ule ulikuwa chokaa iliyowekwa humo na wajenzi. Mzee akatuinamisha, akatuonyesha milango iliyo chini ya behewa, karibu na reli. Lilikuwa behewa la kumwaga kokoto za kutengenezea njia. Saa nzima iliyofuata yeye ndiye aliyekuwa mwalimu, na mimi nikawa mwanafunzi. Haya ndiyo niliyojifunza siku hiyo na baadaye.

Kwanza, tazama umbo. Magadi yaliyosafishwa huharibiwa na unyevu, kwa hiyo behewa lake sharti liwe na paa au mfuniko. Makaa ya mawe na mawe ya chuma hayaogopi mvua sana, na aghalabu mabehewa yake huachwa wazi. Behewa ambalo tumbo lake huteremka kama faneli lilikusudiwa kujimwaga lenyewe. Lenye sakafu bapa lilitegemea makoleo na mabega ya watu.

Pili, pima ujazo. Mita moja ya ujazo ya makaa ya mawe ina uzito wa takriban tani 0.8, ilhali ya mawe ya chuma hupita tani 2. Kwa kuwa reli haiwezi kuhimili uzito usio na kikomo, madini mazito huhitaji behewa dogo, na madini mepesi behewa kubwa. Ukiona behewa fupi lenye springi nene kupita kimo chake, fikiria mzigo mzito, mithili ya shaba ya Kilembe, Uganda. Reli ilifika Kasese mwaka wa 1956, nayo shaba hiyo ikawa inasafirishwa hadi Jinja kuyeyushwa.

Tatu, soma maandishi, lakini usiyaamini upesi. Reli ya Kenya na Uganda ilipata jina hilo mwaka wa 1926. Mwaka wa 1948 iliunganishwa na ya Tanganyika, ikawa Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka wa 1977, mali yake iligawanywa baina ya nchi tatu. Kwa hiyo rangi ya mwenye mali mpya huweza kufunika ya yule wa kale. Herufi hukwambia ni nani aliyelipaka behewa rangi mara ya mwisho, si aliyelinunua kwanza. Ushahidi ulio bora ni kibao cha chuma kilichopigiliwa ubavuni, chenye jina la kiwanda na mwaka wa kuundwa.

Nne, chunguza viungo. Safu za ribiti mara nyingi huashiria kazi ya zamani kuliko chuma kilichochomelewa. Hata hivyo, magurudumu na breki hubadilishwa karakana, na mwaka uliochongwa kwenye gurudumu huenda usiwe mwaka wa behewa. Dalili moja haitoshi. Sharti dalili kadhaa zikubaliane.

Huenda msomaji akauliza: faida yake ni nini? Reli ya Magadi ilikamilika mwaka wa 1915. Ziwa liko takriban mita 600 juu ya usawa wa bahari, na Konza iko zaidi ya mita 1,600. Kila behewa lililojaa lilipandishwa zaidi ya mita 1,000 kabla ya kuifikia reli kuu ya kwenda Mombasa. Kuna watu waliolipakia, waliolifunga kwa mwenzake na waliokesha wakikagua breki zake. Wengi wao majina yao hayamo katika vitabu tunavyofundishia. Usione vyaelea, vyaundwa. Kwa wengi wa watu hao, chuma kile ndicho kumbukumbu pekee iliyosalia.

Muhula uliofuata tulirudi na utepe wa kupimia. Behewa halikuwapo. Tulikuta nyasi zilizoungua na vipande vya chuma vilivyodondoka wakati wa kulikata. Hatukuwa tumenakili hata namba yake.

Simlaumu anayeuza chuma chakavu kilicho mali yake. Ninaloomba ni dogo: kabla ya kukata, lipigwe picha, lipimwe, namba yake inakiliwe, na kibao chake kipelekwe mahali kama makumbusho ya reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka wa 1971. Nasi walimu tulio karibu na vituo, tuombe ruhusa, tuwapeleke wanafunzi na daftari na utepe. Na mwanafunzi akiuliza "umejuaje?", tusimnyamazishe. Kuuliza si ujinga. Ujinga ulikuwa wangu mimi, niliyejibu kabla ya kuchungulia chini ya behewa.