Chombo, Sikio na Ulimi: Teknolojia katika Ufundishaji wa Kiingereza Mutshatsha

1. Utangulizi

Mutshatsha ni mji wa reli. Uko magharibi ya Kolwezi, katika mkoa wa Lualaba uliopatikana Katanga ilipogawanywa mwaka 2015, kwenye njia ya garimoshi iendayo Dilolo na mpaka wa Angola. Mwanafunzi wa sekondari wa huko huenda akazungumza Kilunda au Kichokwe nyumbani, Kiswahili sokoni na Kifaransa darasani. Kiingereza humjia baada ya lugha hizo zote, tena kwa maelezo ya Kifaransa. Hata hivyo haja yake ni kubwa. Shaba ya Lualaba husafirishwa kwa malori kupitia Kasumbalesa hadi Zambia, nchi ambayo lugha yake rasmi ni Kiingereza, na kijana atafutaye kazi ya udereva au ya forodha hawezi kukikwepa.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba chombo cha mawasiliano hufundisha lugha pale tu kinapomfanya mwanafunzi ajibu, na pale somo linapoanzia katika sauti anazozijua.

2. Tatizo la sauti

Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza kina nyingi zaidi, na hutofautisha maneno kwa tofauti ambazo sikio la Mswahili halikuzoea kuzitafuta. Maneno “ship” na “sheep” humfikia kama neno moja. Kifaransa hakimsaidii hapa, kwani nacho hakina tofauti hiyo ya irabu.

Kwa upande wa konsonanti, hali inavutia zaidi. Kiswahili sanifu kina sauti th na dh, kama katika “thamani” na “dhahabu”. Katika Kiswahili cha Katanga, wasemaji wengi hutamka “samani” na “zahabu”. Kwa hiyo “think” hugeuka “sink”, na mtu anayetaka kusema kwamba anafikiri husikika akisema kwamba anazama. Vilevile h ya mwanzo mara nyingi hudondoshwa: “hapana” huwa “apana”, na kwa mazoea hayo hayo “hand” huwa “and”.

Kitabu kilichotungwa kwa ajili ya Mfaransa humwambia msomaji kwamba sauti ya th ni ngeni kabisa. Mwalimu wa Mutshatsha ana njia fupi zaidi: sauti hiyo imo katika Kiswahili kinachosomwa redioni. Akianza na “thamani” na “dhahabu”, ulimi ukiwa katikati ya meno, mwanafunzi huingia katika “think” na “then” akitokea katika lugha yake.

3. Redio: kusikiliza na kujibu

Redio ilitangulia vyombo vingine katika kazi hii. BBC ilianza masomo ya Kiingereza kwa redio mwaka 1943. Sauti ya Amerika ilianzisha mwaka 1959 matangazo ya Kiingereza chepesi, yenye msamiati wa maneno yapatayo 1,500, yakisomwa polepole. Matangazo hayo yalifungua masikio ya wengi, lakini msikilizaji aliweza kunyamaza kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Nchini Kenya, kati ya mwaka 1980 na 1985, ulijaribiwa mpango wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa matatu ya mwanzo ya shule ya msingi. Kila kipindi kilichukua nusu saa. Sauti ya redioni iliuliza swali, ikanyamaza kwa muda uliopimwa, watoto wakajibu kwa pamoja, kisha jibu sahihi likatolewa. Mwalimu alibaki darasani kuongoza. Nguvu ya mpango huo ilikuwa katika ule unyamavu uliopangwa, kwa kuwa ulimdai mtoto atamke.

4. Simu ya mkononi

Simu hufanya jambo ambalo redio haikuliweza: humrudishia mwanafunzi sauti yake mwenyewe. Mtandao si lazima. Kinasa sauti cha simu chatosha. Kwa darasa lenye simu moja, zoezi laweza kuendeshwa hivi. Mwanafunzi mmoja hujitenga na kunasa maneno kumi, akichagua neno moja katika kila jozi: “ship” au “sheep”, “think” au “sink”. Wenzake husikiliza na kuandika neno walilolisikia. Kisha orodha hulinganishwa. Wakiandika “sink” mahali alipokusudia “think”, kosa limejitokeza lenyewe, naye hurudia mpaka aeleweke.

Vikwazo vipo. Umeme wa mabwawa ya Nzilo na Nseke katika mto Lualaba ulikusudiwa kwanza migodi, na vijiji vingi vya jirani bado havina waya. Shule itakayotegemea simu ya kila mwanafunzi itawaacha nyuma walio maskini. Ndiyo maana zoezi la simu moja kwa kundi linafaa zaidi. Aidha, programu za kutafsiri humpa mwanafunzi jibu bila kuusumbua ulimi wake, na ulimi usiosumbuliwa haujifunzi.

5. Hitimisho

Mwalimu anayepewa chombo kipya na akipime kwa maswali mawili: je, mwanafunzi analazimika kutamka? Je, somo linaanzia katika Kiswahili anachokisema? Iwapo majibu ni ndiyo, simu moja yenye kinasa sauti itafaa kuliko chumba kilichojaa kompyuta. Na Kiswahili, ambacho mara nyingi huachwa nje ya mlango wa darasa la Kiingereza, kitakuwa kimepewa kazi inayokistahili ndani yake.