Sura ya Sita: Simu Mlimani

Anayejiandaa kupanda Kilimanjaro wakati wa likizo hujiuliza mapema: simu niende nayo au niiache nyumbani? Nenda nayo. Lakini ujue kwanza kwamba ndani yake mna vifaa viwili tofauti, kwa maana kinachokusumbua sicho kinachokusaidia.

Kifaa cha kwanza ni redio inayowasiliana na minara. Hiyo ndiyo inayoleta maagizo ya bosi na ujumbe wa makundi. Tangu Agosti 2022, shirika la mawasiliano la TTCL lilipofikisha intaneti ya kasi Horombo, kambi iliyo mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, kazi inaweza kukufuata hata mlimani. Na mahali penye mtandao hafifu, redio huongeza nguvu ya kurusha mawimbi na kutafuta mnara tena na tena. Chaji huisha hata kama hujaigusa simu.

Kifaa cha pili ni kipokezi cha setilaiti. Hiki hakirushi chochote. Hupokea mawimbi ya setilaiti zilizo kwenye kimo cha kilomita 20,000 hivi, na kwa kulinganisha muda ambao mawimbi ya angalau nne yametumia kufika, hukokotoa mahali ulipo. Hakihitaji laini wala bando. Ukipakua ramani kabla ya kuondoka Moshi, utaiona njia yako hata pasipo na mnara.

Kwa hiyo, tumia hali ya ndegeni. Huzima redio, lakini katika simu nyingi za leo kipokezi na kamera huendelea kufanya kazi. Unabaki na ramani na picha, na ofisi inakaa mbali.

Kisha kuna baridi. Safari ya kuelekea kilele cha Uhuru, mita 5,895, kwa kawaida huanza karibu na saa sita usiku, na huko juu joto hushuka chini ya nyuzi sifuri. Baridi hupunguza mwendo wa ayoni ndani ya betri ya lithiamu, hivyo simu yenye chaji nusu inaweza kuzimika ghafla. Ikipata joto la mwili, sehemu kubwa ya chaji hurudi. Iweke mfuko wa ndani, karibu na kifua, na usiku ilale nawe kwenye mfuko wa kulalia.

Hata hivyo, usalama wako usiutegemeze kwenye simu. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikianza, mwambie mwongoza watalii wako mara moja. Yeye anazijua dalili za ugonjwa wa mwinuko, na ndiye atakayekushusha.

Kabla ya kuondoka, kubaliana na ofisi nani atashika kazi zako. Nyumbani waambie utapiga jioni, ukiwa kambini, mtandao ukipatikana; na waelewe mapema kwamba usipopiga, huenda ni mtandao tu uliokosekana.