Lisp Kwa Simu: Programu Ikigoma Ama Ikijikokota, Fanya Hivi Kabla Hujauliza Mtu

Tuseme uko Kipsongo, pale Kitale, na mbogi ya nduthi kwa base wamekuchagua uwe mweka hazina wa chama. Wako 25, na kila mmoja anatoa bob 50 kila siku. Mwaka ukiisha hiyo ni michango 9,125, na mkwanja wa 456,250. Daftari imeshanyeshewa mara mbili. Laptopu huna, lakini simu unayo, na umeskia simu inaweza kuandika programu. Ukaamua kutumia Lisp.

Siku ya kwanza mambo yako poa. Ya pili, programu imegoma. Ya tatu inajikokota kama mathree imezeeka ikipanda mlima. Na hapo kwa base wasee wanauliza doo yao iko wapi.

Leo tunakusaidia usiaibike.

Kwanza, hii Lisp ni nini?

Ni lugha ya kompyuta ya zamani sana. John McCarthy aliianza mwaka wa 1958 akiwa MIT, Marekani, na bado iko hai kwa sababu imezaa watoto wengi. Kuna Clojure, iliyotoka 2007, na Ona, kampuni ya data yenye ofisi Nairobi, imeitumia kuandika baadhi ya programu zake. Kuna AutoLISP, inayokaa ndani ya AutoCAD tangu 1986, kwa hivyo kama umewahi kusomea kuchora plani za majengo, umekaa karibu na Lisp bila kujua.

Halafu kuna zile ndogo. Mojawapo ni PicoLisp ya Alexander Burger, Mjerumani aliyeianza miaka ya 80. Hiyo ndiyo tutatumia hapa, kwa sababu ni nyepesi na inaingia kwa simu ya Android. Unaweka apu ya Termux, unaandika `pkg install picolisp`, halafu unaiwasha na `pil +`. Hiyo alama ya kujumlisha inawasha vifaa vya kutafuta makosa, usiisahau.

Shida moja tu: lugha ndogo ina watu wachache. Hautapata msee wa kukujibu kila kona kama vile ungepata kwa Python. Wale wachache wanaojua wana kazi zao, na wanajibu kwa roho safi tu. Kwa hivyo kabla hujawasumbua, hakikisha umefanya homework yako.

Imegoma? Soma inachokwambia

Watu wengi wakiona kosa wanafunga apu na kuanza upya. Usifanye hivyo. Lisp inakwambia shida iko wapi, ni vile hatusomi. Cheki hii:

`!? (Jumla *Michango)`
`Jumla -- Undefined`

Mstari wa kwanza ni mahali imekwama. Wa pili ni sababu: haijui kitu kinaitwa Jumla. Lakini si uliiandika jana? Uliandika jumla, na j ndogo. Kwa Lisp hii, jumla na Jumla ni watu wawili tofauti. Ukiandika mistari yako kwa WhatsApp ama kwa apu ya noti halafu ukaikopi, kibodi ya simu inakuwekea herufi kubwa mwanzoni bila kukuuliza. Wakati mwingine inapinda hata alama za kunukuu, na Lisp inataka zile zilizonyooka. (Hiyo nyota mbele ya Michango ni desturi ya PicoLisp kwa jina linalotumika programu nzima.)

Nyingine inayosumbua ni hii:

`!? (+ 50 "50")`
`"50" -- Number expected`

Ukisoma michango kutoka kwa faili, ile 50 inakuja kama maandishi. Kwa macho yako ni namba, kwa Lisp ni neno kama "ugali". Igeuze na `(format "50")` na itakuwa namba.

Ya tatu haina hata ujumbe. Umebonyeza enta, skrini imenyamaza, unafikiri simu imeganda. Haijaganda. Hesabu mabano. Ukifungua manne ukafunga matatu, Lisp inakaa tu ikingoja hilo la nne, kama makanga anayengoja abiria wa mwisho. Funga bano na itaondoka.

Na baada ya kosa, ukiona alama ya kuuliza pale pembeni, bado uko ndani ya kosa. Bonyeza enta peke yake urudi mwanzo.

Bob 10 zimeenda wapi?

Hapa ndipo urafiki huvunjika. Tuseme mmoja amehamia Bungoma na akakubali mgao wake ubaki kwa wenzake, kwa hivyo mnagawana mkiwa 24. Unaandika `(/ 456250 24)` na inakupa 19010. Lakini 19,010 mara 24 ni 456,240. Bob 10 hazionekani, na kuna mtu kwa base ameshaanza kukuangalia vibaya.

Hakuna mwizi. PicoLisp inafanya kazi na namba nzima, na ikigawanya inatupa kinachobaki. Kwa hivyo uliza kilichobaki pia: `(% 456250 24)` inakupa 10. Andika hizo bob 10 kwa rekodi na uzisome mbele ya kila mtu. Programu ya pesa za watu lazima ionyeshe mpaka shilingi ya mwisho imelala wapi.

Inajikokota? Hapa ndipo watu hukosea

Msee akiona programu ni slow, anasema simu ni mbaya, ama Lisp ni mbaya. Mara nyingi shida iko kwa vile ameandika.

Angalia hii ya kuweka michango 9,125 kwa listi:

`(bench (do 9125 (setq *Michango (append *Michango (list 50)))))`

Hiyo `bench` ni saa. Inapima kazi imechukua sekunde ngapi. Sasa, kwa nini hii kazi ni nzito?

Listi ya Lisp ni kama ile barabara ya kutoka Kitale kwenda Bungoma. Huwezi kuruka moja kwa moja mpaka Webuye. Lazima upite Kiminini, upite Kamukuywa, ndio ufike. Kila kitu kwa listi kinajua jirani yake wa mbele peke yake. Ukiambia `append` iongeze mchango mpya mwishoni, inatembea listi yote kutoka mwanzo, na inaikopi yote, ndio iongeze kitu kimoja.

Mchango wa 10 unatembea vituo 9. Wa 5,000 unatembea vituo 4,999. Ukijumlisha zote, kwa michango 9,125 umetembea hatua 41,628,250. Zaidi ya milioni 41 kwa kazi ya kuandika 50 hamsini! Na michango ikiwa mara mbili, hatua zinakuwa karibu mara nne. Ndio maana ulipojaribu na watu watano ilienda fiti, lakini mwaka mzima ikakushinda.

Dawa ni mstari mmoja:

`(bench (setq *Michango (make (do 9125 (link 50)))))`

Hapa `make` inakumbuka mwisho wa listi uko wapi, na `link` inaongeza hapo hapo. Hatua 9,125, basi. Kama unaongeza moja moja kila siku, tumia `push`, inayoweka mbele badala ya nyuma. Kuweka mbele hakuna safari.

Zijaribu zote mbili kwa simu yako ujionee.

Kuna mchezo mwingine unaokula muda: kurudia kazi ambayo umeshaifanya. Ni kama kila abiria akikuuliza nauli ya Matisi, unaendesha nduthi mpaka huko na kurudi ndio umjibu. Mfano unaojulikana ni hesabu ya Fibonacci, pale kila namba ni jumla ya mbili za nyuma yake. Ukiiandika vile inasomeka, ukitaka namba ya 30, programu inajiita mara 2,692,537, na nyingi ya hizo ni maswali yale yale. Ukiweka majibu mahali, kila swali linajibiwa mara moja. PicoLisp ina kifaa cha hiyo kazi, kinaitwa `cache`.

Pima kama mtu mzima

Usipime mara moja ukatangaza. Simu hudanganya. Betri ikiwa chini inapunguza nguvu, ikipata moto inapunguza pia, na TikTok ikiwa wazi nyuma inakula nafasi. Funga apu zingine, pima mara tatu ama nne, halafu linganisha. Na ubadilishe kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha vitu vitano na programu ikaenda mbio, hutajua ni gani imesaidia.

Bado imekushinda? Sasa uliza

Kuna swali la "wasee programu yangu ni slow, nisaidieni". Hilo halijibiki. Mtu atakujibu na nini? Hajui umeandika nini, simu ni gani, wala slow kwako ni sekunde mbili ama dakika mbili.

Swali linalojibiwa lina vitu vitano:

1. Unataka kufanya nini, kwa sentensi moja.
2. Mistari michache tu inayoonyesha shida. Kama programu ina mistari 200, punguza mpaka ibaki ile kumi inayogoma. Nusu ya wakati utaona kosa mwenyewe ukipunguza.
3. Ulitarajia nini, na umepata nini. Kopi ujumbe wa kosa wote kama maandishi. Picha ya skrini haikopiki.
4. Simu gani, na toleo gani la PicoLisp.
5. Namba za `bench`, na data ilikuwa kubwa kiasi gani.

Na ukisaidika, rudi useme dawa ilikuwa gani. Kwa lugha kubwa unaweza kupotea tu, kuna wengine elfu watajibu. Kwa lugha ndogo, jibu lako linaweza kuwa hilo peke yake ambalo msee wa Tuwani ama wa Bungoma atalikuta mwaka ujao akiwa amekwama pale pale.

Sasa turudi kwa base. Jioni imefika, wasee wamepaki nduthi, wanangoja hesabu. Wewe uko na simu: 456,250 imeingia, kila mtu 19,010, na zile bob 10 zinaonekana hapo chini, zimeandikwa. Mtu akiuliza vile umezipata, mwonyeshe. Hiyo ndiyo itafanya wakuamini tena mwaka ujao.