Mkaa usio na moshi bado unaua: joto la vifaranga bila umeme

Kigamboni, kuanzia Kibada mpaka Kimbiji, wapo wafugaji wa kuku ambao umeme haujafika bandani, au umefika ila unakatika. Kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, na usiku wa Julai Dar hushuka hadi karibu nyuzi 20. Basi jiko la mkaa linawashwa nje, moshi ukiisha linaingizwa bandani, mapazia yanashushwa. Kijana wa banda naye analala humohumo.

Hapo ndipo penye hatari. Mkaa ni kaboni. Ukiungua katikati ya makaa mekundu, ambako oksijeni ni chache, unatoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Kwa hiyo kusubiri moshi uishe kunaokoa macho tu, damu haiokoi. Gesi hii inashikamana na hemoglobini zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, kichefuchefu kinakuja, usingizi mzito unafuata. Ni rahisi kudhani ni malaria.

Ndege huathirika mapema kuliko sisi, ndiyo maana migodi ya makaa ya mawe ya Uingereza ilitumia ndege wa kanari kama kengele ya hatari hadi 1986. Ukikuta vifaranga wamelegea bila sababu, toka kwanza, fikiria baadaye.

Je, ukiacha tundu chini ya ukuta? Haitoshi. Gesi hii ni nyepesi kidogo kuliko hewa, inachanganyika banda zima.

Dawa ni kutenganisha joto na hewa chafu. Hita nzuri za karavani, zile nyumba za kukokotwa na gari, hufanya hivyo: hewa ya kuunguzia inavutwa kutoka nje, moshi unarudishwa nje, ndani linabaki joto tu. Fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea kitu cha aina hiyo kwa pipa la chuma. Mdomo wa kutilia mkaa utokeze nje ya ukuta, bomba la moshi lipite juu ya paa, maungio yote yazibwe, na bomba lisiguse mbao wala makuti.

Kama vifaranga ni wachache, tumia maji. Dumu la lita 20 likipoa kutoka nyuzi 60 hadi 35 linatoa joto sawa na taa ya wati 60 iliyowaka karibu saa 10. Lifunike kwa gunia, waweke pembeni yake.

Kipimo wanacho vifaranga wenyewe: wakirundikana wana baridi, wakikimbia joto huku wanahema limezidi, wakisambaa wako sawa. Na kijana wa banda, mtafutie pa kulala kwingine.