Pasipoti Hufa Kabla ya Siku Yake

Msafiri atokaye Unguja kwenda Kilosa siku hizi hana taabu kubwa. Huvuka bahari kwa boti mpaka Dar es Salaam, akapanda treni ya reli ya kisasa, ile iliyoanza kuchukua abiria mpaka Dodoma mwezi Julai 2024, na siku hiyo hiyo akashuka Kilosa. Njiani hakuna amwulizaye pasipoti. Wapo miongoni mwetu wazee wakumbukao kwamba hata baada ya Muungano kulikuwa na miaka ambapo mtu wa Bara aliyevuka kuja Unguja alitakiwa kuonyesha kitabu hicho. Siku hizo zimepita, na hatuna haja ya kuzirudia. Lakini yale tuliyoyasikia Kilosa na Mikumi, tulikokwenda hivi karibuni kwa shughuli za Chama, yalituonyesha kwamba ndugu zetu wa Bara na sisi wa Visiwani tuna jambo moja linalotusubiri sote mbele ya safari, nalo limo ndani ya kitabu hicho hicho.

Mikumi ni mji mdogo wa wilaya ya Kilosa, na barabara kuu iendayo Zambia ndiyo mshipa wake. Barabara hiyo hupasua Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964, na mgeni aliyelala Unguja juzi aweza kuonekana leo akimtazama tembo huko, maana ndege ndogo huwachukua watalii kutoka kisiwani kwetu asubuhi na kuwarudisha jioni. Usiku mji ni wa malori. Madereva wa mizigo ya Zambia na ya Kongo huegesha hapo, wakala wali kwa mama ntilie, wakalala ndani ya magari yao, na alfajiri wakaendelea kuelekea Iringa, Mbeya na mpaka wa Tunduma. Ni watu wanaozijua nchi za kigeni kuliko wengi wetu tunaokaa maofisini.

Mmoja wao, mtu mzima wa makamo, alituambia kwamba baada ya miaka kadhaa ya kubeba mizigo ya ndani ya nchi alikuwa ameahidiwa kurudishwa katika njia ya Kongo. Tukamwuliza kama pasipoti yake ni nzima. Akacheka, akaitoa mfukoni. Aliichukua mwaka 2018, akasema, nayo ni ya miaka 10, tena kurasa zake bado nyeupe. Tulipoifungua tukasoma kwamba mwisho wake ni Mei 2028. "Basi mpaka hapo sina neno, mzee," alisema. Tukamwambia kwamba neno analo, na litaanza Novemba 2027.

Hapakuwa na mzaha katika maneno hayo. Nchi nyingi za dunia hazimpokei mgeni ambaye pasipoti yake imebakiwa na muda usiofika miezi 6. Saudi Arabia huutaka muda huo kwa mahujaji na wafanyao umra. Omani huutaka, na Falme za Kiarabu vile vile. Sisi wenyewe Watanzania tunautaka kwa wageni wetu, na yule mtalii wa Mikumi hakuruhusiwa kuteremka katika ardhi yetu kwa kanuni nyingine. Wako walio wepesi zaidi: Afrika Kusini hutosheka na siku 30 baada ya siku ya mgeni kuondoka, na nchi za Ulaya zilizo katika mkataba wa Schengen hutaka miezi 3 baada ya kuondoka, zikiongeza sharti kwamba kitabu kisiwe kimetolewa zaidi ya miaka 10 iliyopita. Lakini kwa safari ambazo watu wa Visiwa hivi huzifanya zaidi, yaani Makka, Maskati na Dubai, hesabu ni miezi 6.

Sababu ya kanuni hii si ukorofi wa maofisa, kama tulivyosikia watu wakidai. Mgeni aweza kuugua akalazwa. Aweza kukosa ndege, au vita na maradhi yakafunga njia, kama dunia nzima ilivyoona mwaka 2020. Aweza hata kuvunja sheria, ikalazimu arudishwe kwao. Katika hali zote hizo mwenyeji hataki kubaki na mtu ambaye hati yake imekufa mikononi. Tena mzigo huu hauko juu ya msafiri peke yake. Kampuni ya ndege ikimpakia mtu asiyestahili kuingia, nchi ile humrudisha kwa gharama ya kampuni, na mara nyingi huitoza faini juu yake. Ndiyo maana anayemkatalia msafiri huwa ni kijana aliyesimama nyuma ya meza ya mizigo uwanjani, mbali sana na mlango wa nchi anayokwenda. Kijana huyo hana mamlaka ya kusamehe. Kumlilia ni kupoteza machozi.

Dereva wetu alilitazama jambo kwa jicho la biashara. Amelipa shilingi 150,000 kwa miaka 10, akasema, na sasa anaambiwa ametumia miaka tisa na nusu. Nusu mwaka huo ni wa nani? Tulimpigia hesabu hapo hapo: ni shilingi 7,500. Hata nauli ya kutoka Mikumi kwenda Morogoro kutafuta kitabu kipya yaweza kuzidi fedha hiyo. Alikubali hesabu, ingawa hakuifurahia, nasi hatumlaumu.

Sasa tulitazame jambo kwa upana wake, maana dereva huyu hayuko peke yake. Pasipoti ya kielektroniki ya Tanzania, yenye jina la Jumuiya ya Afrika Mashariki juu ya jalada, ilizinduliwa na Rais John Magufuli tarehe 31 Januari 2018. Wananchi wakatakiwa kuziacha zile za zamani, na mwezi Januari 2020 ukawekwa kuwa mwisho wa vitabu vile. Maana yake ni kwamba katika muda wa miaka miwili wasafiri wa nchi hii walibadilisha vitabu vyao karibu wote kwa pamoja. Tangu hapo taifa zima limekuwa na pasipoti changa. Kwa miaka mingi sasa ni nadra mtu mzima kurudishwa kwa sababu ya miezi iliyobaki, na hofu ile waliyokuwa nayo wasafiri wa zamani, ya kuhesabu miezi kwa vidole kabla ya kukata tiketi, imetutoka. Vijana wetu wengi hawajapata kuisikia kanuni hii kabisa.

Lakini vitabu vilivyozaliwa pamoja vitazeeka pamoja. Vile vya mwanzo kabisa vitafikia tarehe yao mapema mwaka 2028, na kwa kanuni ya miezi 6 vitaanza kukataliwa katikati ya mwaka 2027. Baada ya hapo vitafuata vya mwishoni mwa 2018, vya 2019, na lile kundi la watu waliosubiri mpaka siku za mwisho, ambao sisi Waswahili tunawajua kwa wingi wao. Hija ya mwaka 2028 itaangukia mwanzoni mwa Mei. Mwenye kitabu cha Februari 2018 atakuwa hana kitu mkononi. Mwenye kitabu cha Septemba 2018 ataiona tarehe yake bado iko mbele ya Hija kwa miezi minne, naye atajiona salama, kumbe ndiye aliye katika hatari zaidi, kwa kuwa wa kwanza atajua na wa pili hatajua.

Wala mtu asitegemee muhuri wa kuongezewa muda. Tarehe ya mwisho imo ndani ya kumbukumbu ya kielektroniki ya kitabu, na mashine za mipakani huisoma hiyo. Kitabu kilichokwisha hubadilishwa kwa kingine kizima. Hati ya dharura ya kusafiria ipo, nayo humfaa mtu anayekwenda nchi jirani kumzika nduguye, lakini haimfikishi mtu Makka.

Kwa mtu wa Kilosa, kitabu kingine maana yake ni Morogoro, ofisi ya mkoa. Atajaza fomu katika mtandao, au atajaziwa na kijana mwenye kompyuta kwa malipo. Atatafuta cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha Taifa, na kama jina la cheti na la kitambulisho yanatofautiana herufi moja, mathalani Mwanahamisi na Mwanakhamisi, atakwenda kuapa mbele ya wakili. Kisha hana budi kufika mwenyewe ili apigwe picha na kuchukuliwa alama za vidole. Tunayasema haya kwa sababu ya maofisa wasomao ukurasa huu. Wanajua kuliko sisi kwamba kazi ya siku chache kwa mtu mmoja huwa kazi ya majuma mengi wakija watu elfu pamoja.

Na hapa tunasema waziwazi. Serikali imo katika nafasi ambayo msafiri hanayo: daftari la vitabu vyote analo yeye aliyevitoa, pamoja na tarehe ya mwisho ya kila kimoja. Tunaona ingefaa sana kila mwenye kitabu apelekewe ujumbe wa simu mwaka mmoja kabla, kwa Kiswahili chepesi, ukimweleza kwamba kitabu chake kitakataliwa kuanzia mwezi fulani, badala ya kumweleza tu kwamba kitakwisha. Tunaona pia ingefaa maofisa na mashine zao wapelekwe wilayani kwa zamu kabla msongamano haujaanza, wafike Kilosa, wafike Wete na Mkoani, kama walivyopelekwa waandikishaji wa vitambulisho. Na matawi ya Chama, ambayo hujua kuita watu kwa mikutano, yaweza kuwaita kwa hili pia.

Wasafirishaji wa mahujaji nao wanalo la kujibu. Kilosa mjini tulikaa na bibi mmoja, mjane, ambaye mwaka 2017 aliuza mpunga wa misimu miwili na kukusanya michango ya watoto wake ili afanye umra. Kitabu chake, cha aina ile ya zamani, kilikuwa kimebakiwa na miezi minne. Aliyepokea fedha zake hakukifungua mpaka juma la kuombea viza. Wakati huo bibi alikwisha kuwaaga majirani, dua ilikwisha kusomwa nyumbani kwake, sinia zimerudishwa kwa wenyewe, na kila aliyekuwa na shida alikwisha kumpa ombi lake alipeleke mbele ya Kaaba. Viza za wenzake zikatoka, yake haikutoka. Alirudi Kilosa kwa basi la usiku, na siku tatu hakutoka nje. Alituambia kwamba fedha ilimwuma, ila kilichomzidi ni yale maombi ya watu ambayo alirudi nayo.

Mwaka 2019 alichukua kitabu kipya. Fedha ikawa bado haijatimia, na ilipokaribia, Saudi Arabia ikaufunga mlango wa umra kwa wageni mwishoni mwa Februari 2020 kwa ajili ya korona. Sasa anadunduliza tena, safari hii kwa nia ya Hija yenyewe, na watoto wamemwahidi mwaka 2028. Wazee walisema kawia ufike, lakini waliosema hivyo walikwenda na misafara ya miguu, iliyopita hapa Kilosa kando ya mto Mkondoa, na barua ya Sultani wa Unguja waliyoibeba haikuandikwa tarehe ya kufa.

Kabla hatujaondoka bibi aliingia ndani, akatoka na kitabu kilichofungwa ndani ya kitambaa cha leso, akatupa tukisome, maana macho yake hayaoni tena maandishi madogo. Mwisho wake ni Machi 2029. Tukahesabu naye kurudi nyuma, mwezi kwa mwezi, mpaka Septemba 2028. Akauliza Mei iko wapi. Tukamwambia iko kabla. Akaichukua pasipoti, akaifunga tena katika leso fundo mbili, akairudisha ndani.