Maradhi Mawili ya Injini ya Lori Kuukuu

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo linalomhusu kila mwenye lori, na kila mkulima anayetegemea lori la mwenzake. Tuseme lori kuukuu la petroli limepakia pamba Bugwema, katika wilaya ya Musoma, nalo laenda Bunda kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba. Njiani injini yaanza kukatakata kama mtu mwenye kwikwi, nguvu zapungua, na mshale wa geji ya oili washuka karibu na sifuri. Je, dereva aendelee au asimame? Uamuzi wa dakika ile waweza kumgharimu kazi ya jioni moja, au mapato ya mwaka mzima.

Malori ya namna hii si mageni kwetu. Bedford, kwa mfano, yalianza kutengenezwa na Vauxhall huko Uingereza mwaka 1931, na kwa miaka mingi yalibeba mizigo ya Afrika Mashariki. Mengi yake yana injini ya silinda 6, na mtu mwenye subira ya kutazama na kusikiliza aweza kujua maradhi yake bila chombo cha thamani kubwa.

Tuanze na kule kukatakata, ambako mafundi husema kwamba injini yamisi. Kila silinda yataka vitu vitatu: hewa na petroli kwa kipimo, mgandamizo wa kutosha, na cheche ya moto kwa wakati wake. Ikikosa kimoja, silinda ile hufa, na zile tano zilizobaki huvuta mzigo pamoja na maiti.

Kuitafuta silinda iliyokufa si kazi ngumu. Acha injini iende polepole. Chukua bisibisi yenye mpini wa mti mkavu, uegemeze chuma chake juu ya kichwa cha injini, na ncha yake iguse kichwa cha plagi, ili cheche ipotee. Usiguse chuma kwa mkono, wala usifanye hivyo ikiwa petroli yavuja. Fanya vivyo hivyo kwa kila plagi, moja baada ya moja. Ukizima silinda nzima, injini hulegea na sauti yake hubadilika. Ukizima iliyokufa, sauti haibadiliki hata kidogo. Lakini jihadhari: njia hii ni ya malori ya zamani tu. Magari ya siku hizi yenye mitambo ya elektroniki yaweza kuharibika kwa kujaribiwa hivyo.

Ukiisha kuijua silinda, zima injini, toa plagi yake, uibadilishe na ya silinda nyingine. Maradhi yakihama pamoja na plagi, mkosaji ni plagi. Yakibaki pale pale, kagua waya wake na kofia ya distributa, kama ina ufa. Tazama pia rangi ya plagi. Rangi ya kahawia ni ya afya. Masizi makavu meusi ni dalili ya petroli kuzidi. Na plagi iliyolowa oili yaonyesha kwamba oili yapenya kwenye ringi za pistoni au kwenye miongozo ya vali.

Kama cheche ni njema, pima mgandamizo. Ukiwa hafifu, mimina kijiko kidogo cha oili kwa tundu la plagi, upime tena. Ukipanda, ringi zimechakaa. Usipopanda, yaelekea vali haifungi sawasawa. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa hafifu pamoja, shuku gasketi ya kichwa cha injini. Lakini ikiwa injini yamisi ovyo, mara hapa mara pale, tazama vitu ambavyo silinda zote hushirikiana: pointi, kondensa, koili, kabureta, na maji au uchafu ndani ya petroli.

Sasa tuje kwenye oili. Kwa injini nyingi za zamani ikiisha kupata moto, mafundi hutazamia kama ratili 10 kwa inchi mraba kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika. Walakini kitabu cha gari lenyewe ndicho hakimu. Mshale ukishuka, anza na lisilo na gharama. Zima injini, pima oili kwa kijiti chake. Ikiwa imepungua, ongeza. Ikiwa yatosha, funga geji nyingine iliyo nzima, maana mara nyingine geji ndiyo isemayo uongo. Baada ya hapo kagua vali ya kupunguzia nguvu ya oili, isije ikawa imekwama kwa uchafu, na chujio lililo chini ya bakuli la oili, na pampu yenyewe. Mwisho kabisa shuku beringi za krenki: zikilika, oili hupita upesi katika nafasi zake, na mshale hushuka hasa injini ikiwa moto.

Na hapa ndipo wengi wanapokosea: hudhani kwamba maradhi haya mawili hayana udugu. Petroli isiyoungua katika silinda iliyokufa huteremka ukutani mwa silinda, ikaosha oili, ikaingia katika bakuli na kuifanya oili iwe nyepesi. Basi nusa kijiti. Kikinuka petroli, au oili ikizidi bila ya kuongezwa, tengeneza kwanza silinda, kisha badili oili na chujio, ndipo uitazame geji tena. Oili ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia, wala injini isiwashwe tena mpaka ufa au gasketi ipatikane.

Kuna jambo moja zaidi. Injini ikigonga kwa ndani, jaribio lile lile la bisibisi lafaa. Kama mgongo wapungua unapozima silinda moja, shuku beringi ya koniroti ya silinda ile.

Basi turudi kwa dereva wetu njiani. Mshale ukiwa sifuri, na injini yagonga, asiseme, “Bunda si mbali.” Azime mara moja. Beringi zikibadilishwa mapema, huenda krenki ikasalimika. Akiendelea, krenki itachimbika, na pengine koniroti itavunjika na kutoboa ubavu wa injini. Pamba yaweza kuhamishiwa lori jingine jioni ile ile, lakini injini iliyopasuka haihamishiki. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.